Bwana Taratibu wa Jumba la Vioo

Mjomba wangu hakusomea dansi popote. Aliingia Jumba la Vioo akiwa na miaka ishirini na mmoja, na ndoo mkononi, kwa kibarua cha kupaka nta sakafu. Jumba lile lilijengwa na mfanyabiashara wa ngozi aliyependa makuu: vioo toka chini hadi darini, ngazi pana ya marumaru, jukwaa la bendi, na sakafu ya mbao ambayo ukiikanyaga unahisi inakunyanyua kidogo. Mjini kumbi zilikuwa nyingi, lakini mtu akisema "naenda ukumbini," hakuna aliyeuliza upi.

Jumamosi alasiri kulikuwa na dansi ya watu wazima. Siku moja msimamizi alimwona mama mmoja amekaa peke yake tangu bendi ianze, anazungusha kikombe kisicho na chai. Akamfuata mjomba.

"Wewe, unajua kucheza?"

"Naangalia kila wiki, bosi."

"Basi vua aproni. Kamchezeshe yule mama kabla hajaondoka."

Mjomba alikuwa akituambia kwamba alimwendea huku bado anajifuta nta mikononi. Maneno yote yalimkimbia, likabaki moja tu: "Taratibu, mama. Taratibu." Wakauzunguka ukumbi bila kukanyagana. Wiki iliyofuata yule mama alirudi na dada zake wawili. Tangu hapo kazi ya mjomba ikawa kucheza na wasio na wa kucheza naye, na kuwafundisha: wajane, wageni, wenye haya, waliochelewa kujifunza. Jina la Bwana Taratibu likamganda.

Mkewe, aliyefua mashuka ya hospitali, hakuipenda kazi ile hata kidogo. Majirani nao walimjaza maneno: mumeo kutwa anakumbatia wake za watu! Jumamosi moja akavaa viatu vyake vya kutokea, akaenda kujionea. Alimkuta mjomba akicheza na mwoka mikate, mjane wa miaka arobaini hivi, mnene, anacheka huku machozi yanamtiririka. Mkazamjomba akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

Wimbo ulipokwisha, mwoka mikate akamwendea. "Wewe ndiye mkewe? Mungu akubariki, mdogo wangu. Tangu nimzike mume wangu, leo ndiyo mara ya kwanza mtu kunishika mkono bila kunipa pole."

Mkazamjomba akashusha mikono. Halafu akamgeukia mumewe. "Na mimi je? Au mpaka niwe mjane kwanza?"

Hata wapiga tarumbeta walivunjika mbavu. Walicheza nyimbo nne, na katika zote nne mkazamjomba alimkanyaga mumewe.

Miaka ikapita. Mfanyabiashara akafariki, wanawe wakaligeuza jumba kuwa bohari la karatasi. Vioo vikafunikwa kwa mbao, jukwaa likajaa marobota. Mjomba akabaki humo kama karani wa bohari, akikataza mzigo wowote kuburutwa.

"Mzee, hii ni sakafu au mkweo?" wachukuzi walimtania.

"Vyote viwili," aliwajibu. "Inua."

Ilikuwa hivyo miaka kumi na mmoja, mpaka halmashauri ya mji ilipolinunua jumba na kulirudisha kuwa ukumbi. Sakafu haikubadilishwa hata ubao mmoja. Mjomba akarudi kufundisha.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu alipopata kiharusi. Ilikuwa asubuhi, anafunga vifungo vya shati, mkono wa kushoto ukakataa kumtii, kisha mguu. Alitoka hospitali baada ya wiki tatu, anaburuta mguu, ulimi mzito. Mtaalamu wa mazoezi alisema atembee kila siku, mahali penye nafasi na sakafu iliyonyooka, na mtu wa kumshika. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili vilivyojaa makabati, na barabara ya nje mashimo matupu. Mjomba akageukia ukuta, hakutaka kuona mtu.

Mwoka mikate, sasa bibi wa miaka sabini na kitu, akazisikia habari hizo. Alikwenda halmashauri, akakaa kwenye benchi mpaka akapewa ukumbi kila asubuhi, saa mbili hadi saa nne.

Jumatatu ya kwanza tulimpeleka mjomba kwa teksi, ananung'unika. Tulipofungua mlango, watu ishirini walisimama. Wote aliwahi kuwafundisha. Wa kwanza kuja mbele alikuwa mwalimu wa shule, mstaafu.

"Miezi minne ulinifundisha, hukunikunjia uso hata siku moja," alisema. "Leo zamu yangu. Lete mkono."

"Nitaanguka," mjomba akasema.

"Tutaanguka wote. Hebu inuka."

Walikuja kwa zamu miezi saba, mvua au jua. Siku nyingine hatua kumi tu, siku nyingine machozi na matusi. Mkazamjomba aliwachemshia chai, na sikumsikia tena akilalamikia wake za watu.

Mwezi wa nane wa mazoezi mjomba alichukua fimbo, akatoka peke yake, akapita mitaa minne hadi kwa mwoka mikate. Njia nzima alipanga maneno ya shukrani. Alipofika, akagonga mlango kwa fimbo.

"Umekuja na nani?" bibi akauliza.

"Kwa miguu yangu. Asante, dada. Asante sana."

Bibi alijifuta unga mikononi, akamvutia kiti. Akakata mkate uliotoka tanurini muda ule ule, na walikaa pale hadi adhuhuri, wakibishana ni bendi gani ilikuwa bora.