Kama Devota Alikufa, Sikuona

Asubuhi tuliyoondoka Moshi, mimi na Devota tuligombana kuhusu chapati. Alikuwa amelala kwangu Rau ili tuwahi basi, na kama kawaida yake alisema sisi watu wa mjini tunapika chapati kama tunaosha sufuria kwa mafuta. Nikamwambia aziache. Akazila zote, akaomba na za njiani.

Tulikuwa tumefanya biashara ya vitenge pamoja kwa miaka mingi. Yeye alikuwa Mkatoliki wa Mkuu, Rombo, mwenye sauti inayosikika ng'ambo ya bonde. Mimi Zuhura, binti wa fundi cherehani, damu yangu nusu Kiarabu nusu Kipare. Vitenge tulivifuata mashariki mwa Kongo, kwenye mji ulio kando ya ziwa, na tulikuwa na nyumba ya kufikia kwa mama mmoja wa hukohuko. Habari za vita tulizisikia kila safari, ila siku zote vilikuwa milimani, mbali na maduka. Safari ile nayo watu walituambia waasi wako mbali.

Ninachoeleza sasa nimekiandika mara nyingi, na hakijawahi kutoka sawasawa. Nakumbuka tulikuwa dukani, Devota akivuta kitenge cha njano kupima uzito wake. Nakumbuka mwenye duka alinyamaza katikati ya bei. Kisha ukaja mlio ambao nilidhani ni mabati yanashushwa kwenye lori.

Mwenye duka akatusukuma nje, akashusha mlango wa chuma.

Watu walikuwa wanakimbia kushuka ziwani. Wengine walikimbia kupanda. Askari walipita katikati yetu wakivua mashati ya sare. Sikujua ni wa serikali au ni waasi, wala walikuwa wanamkimbia nani.

Devota alinishika mkono. "Twende nyumbani kwa mama."

"Huko ndiko risasi zinakotoka!"

"Hapana, zinatoka huku."

Kila mmoja wetu alikuwa na uhakika.

Kitu kililipuka. Vumbi. Mkono wake haukuwemo tena mkononi mwangu.

Nilimwona amepiga magoti kando ya ukuta. Au niliona mwanamke mwingine, mwenye kilemba cha kijani kama chake. Kuna siku naandika kwamba alikuwa amelala. Kuna siku naandika kwamba aliinuka akakata kona. Niliita jina lake. Umati ukanibeba hadi ndani ya uzio wa kanisa, na huko nikabaki mpaka milio ilipotulia.

Niliporudi pale ukutani palikuwa na viatu vingi, vya watu wengine. Mama mwenyeji wetu alinizungusha hospitalini na mahali walipolaza maiti. Devota hakuwa miongoni mwa majeruhi, wala miongoni mwa wafu. Mpaka wa nchi ulipofunguliwa, nilirudi Moshi peke yangu.

Nikapanda Mkuu. Mama yake Devota, Mama Aloisia, alikuwa jikoni akimenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzako yuko wapi?"

Nilieleza nilivyoweza. Filbert, mume wa Devota, alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Nilipomaliza akauliza, "Shemeji, amekufa au hajafa?"

Hakuwa na ukali. Alihitaji kujua. Huku mlimani mtu huzikwa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani kwake, na hapakuwa na mtu wa kuzika. Baadhi ya ukoo walitaka matanga yafanyike ili watoto walie wamalize. Wengine waliona kumwekea matanga mtu aliye hai ni kumwua kwa mikono yao. Pande zote zilingoja neno langu, kwa kuwa ni mimi niliyekuwepo. Ningesema tu kwamba nilimwona amekufa, mabishano yangeisha. Sikuweza. Wala sikuweza kusema yu hai.

Nilianza kuandika ili nipate jibu lao. Kila baada ya swala ya alfajiri, kabla ya kwenda sokoni, nilikaa kwenye cherehani ya marehemu baba nikaipanga siku ile tangu dukani. Nikifika kwenye vumbi, kila kitu kilivurugika. Nilichana, nikaanza upya. Siku hizo lori likishusha mabati mtaani, nilijikuta chini ya meza ya vitenge, wateja wakinitazama.

Sijui niliacha lini kutafuta jibu. Niligundua tu kwamba naandika na mengine: Devota akibembeleza bei, Devota akipiga ishara ya msalaba kabla ya kuvuka mpaka na kuniambia, "Na wewe soma dua zako, tusiache upande mmoja wazi." Asubuhi nyingine yalitoka mazuri, nyingine upuuzi mtupu. Niliandika vilevile.

"Utachapisha, mama?" binti yangu Rehema aliniuliza.

"Hapana."

"Sasa unamwandikia nani?"

Nilikusanya makaratasi, nikaenda sokoni. Kesho yake nikakaa tena. Polepole usingizi ukarudi. Laiti ningeweza kusema ni kwa sababu nilielewa. Mpaka leo sielewi.

Siku moja nilimpelekea Mama Aloisia makaratasi yale. Hajui kusoma, akaniambia nimsomee. Nilisoma hadi akaninyooshea mkono.

"Hapa ameinuka."

"Ndiyo, mama. Kwenye karatasi nyingine hakuinuka."

"Ya kweli ni ipi?"

"Sijui, mama. Zote nimeziandika bila kukudanganya."

Alifuta mikono kwenye kanga. "Basi nisomee zote," akasema.

Matanga hayakufanyika. Padre alisoma misa ya kumwombea Devota popote alipo, na wale wa ukoo waliotaka kaburi hawakuridhika. Filbert hajaoa, wala sijawahi kumwona akilia. Mimi nimepata nafuu. Wao hawajapata hata udongo wa kusimama kando yake. Siwezi kusema kimoja kinafidia kingine. Hakifidii.

Juzi binti mkubwa wa Devota aliolewa hapo Mkuu. Mshereheshaji alipofika kuwataja wazazi wa bibi harusi, alimtaja Filbert, kisha akasita. Alimtazama Filbert, asijue kama atangulize neno marehemu.

"Mtaje tu," Filbert alisema.

Akamtaja, jina peke yake. Ukumbi mzima watu waliangaliana, hawajui kama wapige makofi au wainamishe vichwa. Mikono yangu ilikuwa tayari imeinuka. Ikabaki hewani.