Mdudu Ameonja Kwanza

Nakumbuka, mjukuu wangu, mwaka ule nilipojiona bingwa wa sukuma wiki. Nilikuwa nimeolewa karibuni, nje kidogo ya Kisumu, na wadudu walikuwa wakitoboa mboga zangu zote. Mume wangu, Baba Achieng, alilima pamba, na dawa ya pamba ilikuwa hapo nyumbani. Basi nikajaza bomba, nikanyunyiza. Majani yakanawiri bila tundu hata moja, nami nikatembea kwa maringo kama niliyemfundisha Mungu kulima.

Mama mkwe alinitazama. "Hiyo dawa ni ya pamba," akasema. "Pamba ni ya kuvaa. Umeona wapi mtu anakula shati?"

Nikacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila guu nililolivunja mimi halikuwa langu.

Kanisani kwetu tulikuwa tukifunga siku tatu kuomba mvua. Baba Achieng alifunga kweli kweli, maji tu. Siku ya tatu alasiri alirudi kufungua, nami kwa mapenzi nikamchumia sukuma niliyoinyunyizia asubuhi hiyohiyo. Nikamjazia sahani, bila hata kikombe cha uji cha kutangulia. Mimi funga ilikuwa imenishinda, nilikuwa nimeshiba ugali wa mchana, nikaonja kidogo tu. Hakuwa amenawa mikono baada ya kula alipoanza kutoka jasho, mate yakimchuruzika, mwili ukitetemeka. Mimi tumbo lilinisokota, basi. Nilipiga mayowe, wanaume wakaja, wakamfunga juu ya baiskeli na kumkimbiza hospitali. Nilifuata nyuma nikilia, nikijua ni mkono wangu uliomlisha.

Hakufa, mwanangu! Siku ya nne hospitalini aliomba samaki, nami nikacheza wodini mpaka muuguzi akanitoa nje.

Mama mkwe hakunitukana. "Sumu ni sumu hata ukishiba," aliniambia. "Lakini tumbo ya njaa ni kama shamba ya kiangazi. Tone ya kwanza, inakunywa yote." Daktari naye alisema saa ya kula, na kilichotangulia tumboni, huenda vikabadili jinsi mwili unavyopambana na dawa hizi, ingawa hakudai kujua yote. Nilimheshimu kwa hilo.

Nikang'oa bustani nzima, nikapanda upya bila dawa. Siku ya kwanza sokoni Kibuye, mama mmoja wa Milimani, mtaa wa matajiri, aliinua fungu langu juu watu wote waone.

"Mama, hii sukuma yako mbona iko na mashimo mingi hivi?"

"Mdudu ameonja kwanza na hajakufa," nikamjibu. "Wewe unaogopa nini?"

Soko zima likaangua kicheko. Yeye mwenyewe alinunua mafungu matatu, na kabla ya saa sita kapu langu lilikuwa tupu. Wakaniita Mama Mashimo. Nimelivaa jina hilo kama taji hadi leo.

Basi sikia, mwanangu. Dawa ya pamba iache kwenye pamba. Mboga iliyopigwa dawa yake halali, iache siku zake za kungoja zitimie ndipo uichume, kisha uioshe vizuri. Ukitoka kwenye njaa ndefu, anza na uji, wala usiupe mwili mtupu chakula usichojua kimetoka wapi. Na usijidanganye kwamba kushiba ni kinga.

Mungu akujalie uzee kama wa huyu babu yako, ambaye bado ananung'unika kila siku kwamba sukuma yangu ina mashimo, na sahani anairudisha ikiwa nyeupe.