Kinyozi na Swali Lake

Kinyozi wetu akiuliza swali huzima mashine, na hapo ndipo balaa linapoanza. Tangu binti yake afaulu kidato cha sita, swali ni lilelile: "Hebu niambie, ndugu yangu, chuo cha serikali au cha binafsi?" Mashine kimya, shuka shingoni, nusu ya kichwa changu upara, nusu kichaka. Ukisema cha serikali, anakubali: "Kweli, ada nafuu." Ukisema cha binafsi, anakubali vilevile: "Kweli, ni hapa jirani." Kisha anapuliza meno ya mashine, anafuta kwa kiwiko kioo kisicho na vumbi, anamgeukia aliye kwenye benchi na kuanza naye upya. Sote tumeshakuwa washauri wa elimu, ila vichwa havimaliziwi.

Jana yalinifika shingoni. "Bwana wee, ada ya binafsi hata ukinyoa mji mzima huiwezi! Mpeleke cha serikali, unimalizie kichwa!"

Safari hii hakukubali. Alijipangusa vidole kwenye shuka langu, kimoja kimoja. "Najua," akasema. "Lakini kule kwa serikali atalala hukohuko. Na nyumbani tuko wawili tu, mimi na yeye."

Aliwasha mashine, akaninyoa upande uliobaki. Nikainuka, akakaa mwingine. Mashine ikazimwa. "Hebu niambie, ndugu yangu..."

"Cha binafsi," nikadakia kutoka mlangoni, kabla mteja hajafungua kinywa. "Ni hapa jirani. Haya, mnyoe mwenzio!"