Lea na Daftari la Wageni

Kwa miaka tisa Lea Mughwai hakuondoka ofisini kabla ya kusoma daftari la wageni. Wenzake pale ofisi ya serikali Nduguti saa tisa na nusu walishakimbilia bodaboda. Yeye, mtunza masijala, alishuka getini, akamwamkia mzee Amosi mlinzi, akapitisha kidole kwenye safu zote: jina, atokako, namba ya simu, shida iliyomleta. Watu wakamwita mmbea. Wapi! Alikuwa anamtafuta mdogo wake.

Gasto aliondoka nyumbani miaka kumi na sita iliyopita, baada ya ng'ombe dume kupotea na baba yao kumwita mwizi mbele ya majirani. Siku ya tatu ng'ombe akarudi mwenyewe, tumbo limejaa mtama wa watu. Gasto hakurudi. Baba alikufa akimtaja. Na Lea, aliyembeba mgongoni mpaka mbeleko ikatoboka, alijiambia kwamba hakuna mtu asiyefika ofisi ya serikali siku moja kufuata cheti au kiwanja, na siku hiyo Gasto ataandika jina.

Kisha ikaja sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Lea akapelekwa semina Singida mjini siku nne, akarudi na fulana, kabrasha na jukumu jipya: asimamie utekelezaji. Huyu si mtu wa kufanya kazi nusunusu. Alibandua ubaoni orodha ya wazee wanaosaidiwa, iliyotaja mpaka magonjwa yao. Alimfuata Emiliana sokoni akanunua karanga zake zote, kwa sababu zilifungwa kwenye fomu kuukuu za ofisi zenye majina ya watu. Emiliana alimwona amerukwa na akili, ila pesa alipokea.

Likabaki daftari. Nani asiyejua lilivyotumika? Mtu akija kuulizia talaka asubuhi, jioni kijiji kizima kinampa pole. Lea alilifunga kamba mwenyewe, akalipeleka stoo. Tangu hapo mgeni aliandika kikaratasi, akakitumbukiza kwenye kisanduku chenye kufuli. Ufunguo alikaa nao yeye, na alimwambia Amosi kwamba vikaratasi havisomwi bila sababu ya kikazi.

"Hata mimi sisomi," alisema.

Ilimuuma, jamani. Ilimuuma kama kumzika mtu mara ya pili.

Mwezi wa tatu wa kisanduku, Alhamisi asubuhi, alimkuta Amosi amesimama anamsubiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Jana ulipokuwa safarini alikuja mtu, uso wako mtupu. Kaandika kwa mkono wa kushoto, kidole cha shahada hakina ukucha. Kaenda dirisha la vyeti."

Ukucha ule uliondoka na shoka la Lea mwenyewe, walipokuwa wadogo wakichanja kuni. Amosi alikuwa ameshavunja sheria kwa mdomo wake, lakini tumsamehe, yeye hakwenda semina.

Lea aliingia kibanda cha mlinzi, akashika kufuli la kisanduku. Ufunguo uko mfukoni. Kikaratasi kimoja tu, nani angejua? Lakini mtu aliyejificha miaka kumi na sita ana sababu yake, na akikifungua leo, kesho atamkataza nani? Akaliachia.

Alimwendea Anuari wa dirisha la vyeti, kijana wa Singida mjini.

"Mteja wako wa jana, Gasto Mughwai, ni mdogo wangu. Mpigie wewe, umuulize kama anakubali nipewe namba yake. Akikataa, basi."

"Dada Lea, si hii hapa? Chukua tu."

"Usinionyeshe!"

Akatoka nje, akasimama juani. Anuari alipomfuata hakumtazama usoni.

"Kasema hapana, dada. Usipewe."

Lea akaitikia kwa kichwa.

"Ila kauliza kitu sijakielewa," Anuari akaendelea. "Kauliza, yule ng'ombe alipatikana?"

Lea akakaa chini palepale kwenye ngazi. Miaka yote hiyo alidhani mdogo wake ana hasira. Kumbe hakuwahi kujua. Kumbe huko aliko bado anabeba wizi wa ng'ombe aliyerudi mwenyewe. Akalia bila kujificha.

Namba ya Gasto haikuwa mali yake. Lakini namba yake mwenyewe ilikuwa yake, na hakuna sheria inayomkataza kumpa amtakaye. Aliomba kalamu, akaandika kwenye kikaratasi: "Alirudi siku ya tatu. Baba alikuomba msamaha mpaka anakata roho. Dada yako, Lea." Chini akaweka namba yake.

"Msomee kama ilivyo," alimwambia Anuari.

Anuari akapiga, akasoma mpaka tarakimu ya mwisho. Kisha upande wa pili ukakata simu.

Tangu siku hiyo simu ya Lea haizimwi, hata kanisani. Mchungaji amekemea mpaka amechoka. Ikiita katikati ya mahubiri, Lea huangalia kwanza. Namba ikiwa ngeni, husimama na kuipokea hapohapo, na kanisa zima, mchungaji naye, hunyamaza kumsubiri.