Kiti Kilichogeuzwa Ukutani

Waruguru alikuwa na wivu, tena si ule wa kujificha. Kwa miaka kumi na sita yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani kwao Ngoingwa. Halafu Jumapili moja akaanza wimbo huku, kinanda kikawa kule, waumini wakabaki kutazamana. Mwalimu wa kwaya, Gachau, akampa Benta kazi hiyo, eti kwa muda tu. Benta! Mtu aliyekuja juzi kutoka Siaya, na kazi ya kiwandani akafundishwa na Waruguru mwenyewe!

Maana wote wawili walikuwa wafumaji katika kiwanda kimoja cha nguo pale Thika. Mitambo ya humo hupiga kelele mpaka unaisikia kwenye meno. Wafumaji wa siku nyingi hawahangaiki kupayuka, husomana midomo. Waruguru angekuhadithia harusi nzima kutoka upande wa pili wa ukumbi, na wewe usipitwe na kitu. Vizibo vya masikio walivyogawiwa kila mwaka alivitia mfukoni vikakaa huko. Mfumaji hodari, alisema, lazima asikie uzi ukikatika. Benta alivaa vyake kila siku, na Waruguru alimcheka bila huruma.

"Unaogopa kelele na ulizaliwa ukilia?"

Nyumbani, mwanawe Mwas alilalamika kuwa redio inawasumbua majirani. Waruguru akamwambia watoto wa siku hizi wana tabia mbaya ya kuongea wakiwa wamempa mtu mgongo.

Jumamosi moja baada ya mazoezi, akamwona Benta mlangoni mwa kanisa akimwambia Gachau jambo. Walikuwa mbali, lakini midomo ilisomeka vizuri: "Mama Mwas hasikii. Mashine zimemharibu masikio."

Jumatatu akamkabili Benta getini kabla ya shifti.

"Wee Benta, mimi nakusoma hata ukiwa Juja. Kama ni nafasi yangu unataka, sema tu."

"Haki Mama Mwas, sitaki nafasi yako. Nakuonea tu huruma."

Huruma! Heri angemtukana.

Wiki hiyo kiwanda kikaleta nesi wa kupima masikio ya wafanyakazi. Waruguru akafurahi kweli. Angepata karatasi yenye muhuri, ampelekee Gachau mbele ya kwaya nzima, tuone huyo mwenye huruma ataficha wapi uso.

Akavalishwa spika za masikioni, akaambiwa ainue mkono kila akisikia sauti. Alikaa akimtazama nesi. Kidole cha nesi kilipobonyeza kitufe, mkono wa Waruguru ukapanda. Kidole, mkono. Kidole, mkono. Wala hakujua kuwa anaiba mtihani. Alikuwa akimtazama mtu kama alivyotazama watu miaka yote. Nesi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Waruguru alishaanza kuchagua wimbo wa Jumapili.

Benta, aliyekuwa mlangoni akingoja zamu yake, akafungua mdomo. Waruguru akausoma: "Sista, mgeuze aangalie ukuta."

Wivu wa mchawi huyu! "Nigeuze," akasema kwa hasira. "Nigeuze hata mara mbili."

Ukutani palikuwa na kalenda ya kampuni ya chakula cha ng'ombe. Mara mbili Waruguru akasikia mvumo mzito, akainua mkono. Kisha akangoja. Akasoma miezi yote ya kalenda, kuanzia Januari. Nesi huyu ni mzito, akawaza, mkono wake ukiwa tayari pajani.

Akaguswa begani. Akageuka.

"Tumemaliza, mama," midomo ya nesi ilisema. Akavua spika, na nesi akamweleza polepole, ana kwa ana: sauti nyembamba hakuisikia hata moja. Kelele ya miaka ndiyo iliyoyala masikio. Yaliyopotea hayarudi, yaliyobaki ni ya kulindwa, na aende hospitali akapimwe zaidi.

Benta akaketi kwenye kiti kile kile, uso ukutani. Waruguru alitaka kuondoka, akaishia mlangoni. Nesi akabonyeza, mkono wa Benta ukapanda. Akabonyeza tena, ukapanda. Ukapanda tena na tena. Waruguru akausindikiza kila mara kwa macho, na wivu uliomshika hapo haukuwa wa wimbo wala wa kwaya. Aliutaka mkono ule.

Akatia wake mfukoni. Vizibo vilikuwa bado kwenye nailoni yake, havijafunguliwa.