Nyuki Aliyekufa na Jicho Langu

Wacheni niwaambie mwenyewe kabla Nduku, mwenzangu wa klabu ya sayansi, hajawaambia, kwa sababu yeye huongeza chumvi, na aibu yangu ya siku ya wazazi tayari ina chumvi ya kutosha.

Hapa shuleni kwetu Kilungu fundi ni mimi (hakuna aliyenichagua, lakini pia hakuna aliyebisha). Mwalimu Kioko alituazima kamera yake, ile inayojivutia filamu kwa mota, nikaifunga juu ya kigari cha mbao kinachosukumwa na mota niliyong'oa kwenye redio kaseti iliyokufa. Shida ya kupiga kitu kidogo kwa karibu ni kwamba ukipata kichwa cha nyuki safi, mgongo unakuwa ukungu mtupu, kwa hivyo kigari kinasogea kidogo, krrr, kamera inapiga, kinasogea tena, krrr, halafu baadaye unakata kwa wembe sehemu safi ya kila picha na kuzigundisha upate nyuki mzima. Filamu ilikuwa moja tu. Picha zikitoka vizuri, twende mashindano ya wilaya. Zikiharibika, waende wale wenzetu wa mradi wa sabuni ya mwarobaini.

Nyuki nilimtoa chini ya mzinga wa babu, amekufa kabisa, nikamsimamisha kwenye pini.

Wazazi wakajaa maabara, mchungaji akasimama kufungua kwa maombi, na mimi kwa ujuaji wangu nikawasha mashine, ili wakisema amina wafungue macho waikute kazini. Sasa nani hajui maombi ya kwetu? Mchungaji alianza na mvua, akaenda kwa ng'ombe, akapitia serikalini. Krrr! "Amina!" wazazi wakaitikia. Krrr! "Amina!" Filamu inaliwa, na swichi iko nyuma ya nyuki (usiniulize nani aliiweka huko). Nikainama polepole, nikapapasa. Kigari hakikuningoja. Kilikuja hivyo hivyo, kikasukuma pini, na nyuki akanidunga puani. Maiti! Kumbe mwiba wake haukuwa umepata habari za msiba.

"Uuui! Mama!"

Maombi yakakatika. Mama akanishika sikio mbele ya watu wote.

"Wewe Mutinda, ulifungua macho kwa maombi?"

"Haki ya Mungu, Mama, nilikuwa nimefumba! Mashine imejiwasha yenyewe!"

"Apa tena."

Nikaapa tena, mchungaji ananiangalia, pua imefura kama nyanya.

Baadaye picha zikarudi kutoka studio ya mjini Sultan Hamud, na Mwalimu Kioko akazipanga mezani mbele ya klabu yote. Kichwa, safi. Mabawa, unaona mpaka mishipa. Halafu nyuma ya nyuki likaanza kuja duara fulani, la ukungu, likasafika, likasafika zaidi: jicho, limetoka kama la chura.

"Hili ni la nani?" Mwalimu akauliza.

"La yule aliyefumba, mwalimu," akajibu Nduku.

Mashindano tunaenda, nyuki wangu ni mzima na ni mzuri kuliko alivyokuwa hai. Lakini picha ya jicho Mama aliichukua, akaiegemeza kwenye kabati ya vyombo, na kila tukiombea chakula inaniangalia. Nimeapa mara ya tatu, na hii ni ya kweli: mashine nitawasha baada ya amina. Ile ya mwisho.