Mikono ya Mama Atupele

Siku yangu ya kwanza kazini, enzi za Mwingereza, sikugusa sindano wala bandeji. Nilikabidhiwa futi ya fundi cherehani nikaambiwa nipime shingo. Barazani mwa hospitali yetu ya misheni, kule Mbozi, walikaa wanawake waliotoka mbali, hata milima ya Ileje, kila mmoja na rovu lake, ule uvimbe wa tezi ya shingo uliotusumbua sana nyanda hizi. Mimi, kijana wa Iyula niliyekimbia kazi ya kuchuma kahawa ya baba, nikajiona daktari tayari.

Nilipelekwa Tunduma kuchanja wasafiri mpakani, kisha nikarudishwa Mbozi, chumba cha upasuaji, chini ya Daktari Mkuu, Mzungu mwenye mikono myepesi na maneno machache. Ndiye aliyenifundisha kuwa nyuma ya tezi ya shingo zimejibanza tezi nyingine nne, kila moja kama punje ya mchele, kazi yake kulinda kalsiamu katika damu. Zikikatwa kwa bahati mbaya, au zikikosa damu, kalsiamu hushuka. Midomo hufa ganzi, vidole huchomachoma, mikono hukakamaa, na koo likibana mtu hukosa pumzi. Tuliwajua pia wa kuchungwa zaidi: mwenye rovu kubwa la pande zote mbili, aliyewahi kupasuliwa shingo, na mama anayenyonyesha, maana maziwa yameshachota akiba ya mwili wake, hasa kama chakula chake ni ugali na mboga tu.

Tuliyajua sisi. Mgonjwa hakuambiwa.

"Msiwatishe watu," Daktari Mkuu alisema. "Mwambie mmoja kuhusu ganzi, kesho wadi nzima ina ganzi."

Tulicheka. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Mama Atupele aliletwa kutoka Ibaba, rovu pande zote mbili, mtoto wa kunyonya mgongoni. Nilipomzungushia futi alinitania: "Pima vizuri, baba, nisije nikashonewa gauni la mwingine." Alipasuliwa salama, na kesho yake, Jumapili, alikunywa uji.

Baada ya ibada waumini walikuja kuwaona wagonjwa, kama ilivyokuwa desturi. Walimkuta amefumba macho, mikono imekutana kifuani, vidole vimenyooka na kubanana. Kwetu mtu aliye katika maombi haguswi wala hasemeshwi. Mzee wa kanisa akavua kofia, wengine wakainamisha vichwa, wakaanza kuimba taratibu. Muuguzi wa zamu naye akasimama mlangoni, akisubiri amalize.

Mimi nilikuwa nachemsha vyombo vya upasuaji, nikausikia wimbo, nikaja. Nilipoona gumba limekunjwa ndani ya kiganja nilipiga ukelele. Daktari Mkuu alikuja mbio na sindano ya kalsiamu, lakini koo lilikuwa limeshafunga. Alifia mikononi mwetu.

"Asubuhi aliniambia midomo inamtambaa kama sisimizi," mama mkwe wake alisema, mtoto amempakata. "Nikajua ni baridi tu. Ningejuaje, jamani?"

Daktari Mkuu alikaa kwenye kitanda kitupu, amevua miwani. "Kuanzia leo," alisema, "kila mgonjwa aambiwe." Nikawa nawaambia wote, kwa Kiswahili, Kinyiha, hata Kindali changu cha kuungaunga. Wengi walituita mapema wakapona. Nilifurahi, lakini kila furaha ilikuja na uchungu, kwa sababu kumbe kilichohitajika kilikuwa ni kusema tu.

Nilistaafu, nikarudi kwenye kahawa niliyoikimbia. Siku moja akaja mwanamke, mtoto ziwani, shingo imevimba.

"Shikamoo, baba. Mimi Atupele, wa Ibaba. Wameniambia wewe ulikuwepo. Wiki ijayo napasuliwa, lakini siogopi. Mama yangu alikufa akiomba, kanisa zima likimwimbia. Nami nitaomba hivyohivyo."

Alilelewa kwa sifa hiyo, na sikutaka kumnyang'anya. Lakini mtoto alikuwa ananyonya pale mbele yangu. Nikamweleza yote: midomo, vidole, mikono. Nikamwambia akisikia ganzi hata kidogo apige kelele, hata kama watu wanaimba.

Alimtazama mwanawe.

"Kwa hiyo, baba, mama hakuwa anaomba?"

"Hapana, mwanangu. Alikuwa anatuita."